Homa ya nguruwe: Ugonjwa ambao macho hayatoshi kuutambua

Asubuhi ya banda la nguruwe ina kelele zake. Mfugaji akigusa tu ndoo ya pumba, wanyama wanaamka, wanapandisha miguu ya mbele ukutani na kupiga mayowe hadi jirani ajue kumekucha.

Siku homa inapoingia, ndoo inagongwa na hainuki hata mmoja. Wamelala wamerundikana kona moja kama wenye baridi, ilhali ukimshika mmoja sikio linaunguza. Ngozi ya masikio imekuwa nyekundu, tumboni kuna mabaka ya zambarau, na jike aliyekuwa karibu kuzaa ametupa mimba usiku. Pumba za jana ziko kwenye kihori kama zilivyomwagwa.

Mfugaji anatoa simu. Ana namba mbili za kuchagua: ya afisa mifugo wa kata, na ya mchuuzi anayenunua nguruwe wa kuchinja. Mara nyingi mno inayopigwa kwanza ni ya mchuuzi.

Sikuliwekea tukio hili jina la mtu wala la kijiji kwa kuwa ni la wengi. Ndivyo homa ya nguruwe ya Afrika inavyobisha hodi, kuanzia Kyela hadi Moshi, na ng'ambo ya mpaka hadi Busia. Kinachoamua kama itaishia banda moja au itamaliza kata nzima ni siku chache zile, tangu nguruwe wa kwanza alale hadi jibu la maabara lifike. Katika siku hizo hakuna mwenye uhakika ni ugonjwa gani, na kila mmoja anafanya linalomfaa yeye.

Dalili zinazofanana

Homa hii huletwa na virusi na haina tiba. Joto la mwili hupanda hadi nyuzi 41 au hata 42, nguruwe hususia chakula, huhema kwa shida, wengine hutapika au kuhara damu. Virusi vikiwa vikali, kifo huja ndani ya wiki moja hivi tangu dalili zianze, na banda zima linaweza kubaki tupu. Binadamu hapati ugonjwa huu, hata akiila nyama yenyewe.

Hapa lazima niondoe mkanganyiko mmoja. Mwaka 2009 mafua ya H1N1 yaliyoenea kwa watu duniani yaliitwa na wengi homa ya nguruwe, na mpaka leo wapo wanaoyachanganya. Hayo yalikuwa mafua ya watu. Virusi ninavyovizungumzia ni vya ukoo mwingine, na havimgusi mtu.

Shida ni kwamba dalili nilizotaja si za ugonjwa mmoja. Upo ugonjwa wa bakteria unaoleta homa kali na mabaka mekundu mgongoni yenye umbo la uru kwenye karata. Huo hutibika kwa penisilini. Salmonela nayo hugeuza masikio kuwa ya zambarau. Ipo nagana inayoenezwa na mbung'o, ambayo aina yake mojawapo humuua nguruwe kwa muda mfupi. Zipo sumu za panya zinazomfanya mnyama avuje damu. Tena ipo homa ya nguruwe ya kawaida, ile iliyozoeleka Ulaya na Asia, ambayo hata daktari mzoefu hawezi kuitenga na hii ya Afrika kwa kutazama tu.

Ndiyo maana jambo la kwanza linalofanyika kwenye banda lenye homa huwa ni sindano ya antibayotiki. Mfugaji ananunua duka la dawa za mifugo, anachoma, anasubiri siku mbili. Simlaumu. Kama ni bakteria, amemwokoa mnyama. Kama ni virusi, siku mbili zimepotea, na sindano aliyomchoma mgonjwa amewachoma nayo na wazima.

> Sindano iliyomchoma mgonjwa ikiwachoma na wazima, virusi vimepata njia.

Kabete, 1909

Ugonjwa huu ulijulikana kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuamini macho yake. Walowezi wa Kizungu walipofuga nguruwe wa Ulaya nchini Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita, wanyama wale walianza kufa kwa mkupuo, na ilikuwa rahisi kudhani ni homa ileile ya kwao Ulaya. Daktari wa mifugo Robert Eustace Montgomery, aliyekuwa Kabete karibu na Nairobi, akaamua kupima. Alichukua seramu iliyokuwa ikiwakinga nguruwe dhidi ya homa ya Ulaya, akawapa wa Kenya. Haikuwakinga. Ugonjwa ulikuwa mwingine.

Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1921. Katika milipuko 15 iliyotokea kati ya 1909 na 1915, nguruwe walikuwa 1,366. Walikufa 1,352.

Montgomery aliwashuku pia ngiri na nguruwe pori kuwa ndiko ugonjwa unakojificha, na hakukosea. Ngiri huishi na virusi hivi bila kuugua. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walichapisha ushahidi kwamba virusi vimo ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama hapa Tanzania. Papasi ni haohao wanaojulikana na bibi zetu, kupe wa nyumba za udongo wanaotoka ufani usiku na kuuma waliolala. Shimoni kwa ngiri hufanya vivyo hivyo, na virusi hupita kutoka papasi hadi kitoto cha ngiri, kisha hurudi kwa papasi, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo hapa ndipo nyumbani kwa virusi hivi. Kutoka Afrika virusi viliingia Lisbon mwaka 1957, vikafika Georgia mwaka 2007, na Agosti 2018 vikatangazwa China, nchi iliyokuwa na karibu nusu ya nguruwe wote duniani. Mwaka uliofuata kundi la nguruwe la China lilipungua kwa takriban asilimia 40.

Mililita chache za damu

Kinachotakiwa ili kupata jibu ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Damu mililita chache katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna kemikali ya kuzuia damu isigande. Kwa nguruwe aliyekwisha kufa, kipande cha bandama, figo au tezi. Vyote hufungwa vizuri na kuwekwa kwenye kisanduku chenye barafu.

Daktari anayempasua mzoga huanza kukisia hapohapo. Bandama huwa limevimba kupita kiasi, limekuwa jeusi, linavunjika likishikwa. Tezi za karibu na tumbo na figo zimejaa damu hadi zinaonekana kama madonge ya damu yenyewe. Hizo ni dalili nzito, lakini bado ni makisio. Na kupasua mzoga bandani ni kumwaga virusi ardhini, kwa hiyo mfugaji asithubutu kufanya hivyo mwenyewe.

Maabara hutumia kipimo cha PCR. Mashine hutafuta kipande cha jeni ambacho virusi hivi peke yake ndivyo vyenye nacho, ikikipata inakirudufu mara mamilioni hadi kionekane. Kazi hiyo huchukua saa chache. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kirusi kiwe hai, hivyo hata nyama iliyoanza kuoza inaweza kutoa jibu. Damu iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu inaweza kupimwa pia.

Kipo kipimo kingine kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza baada ya kuambukizwa. Askari hao huanza kuonekana siku ya saba hadi ya kumi tangu maambukizi. Nguruwe wengi huku kwetu hufa kabla ya kupata muda wa kuwatengeneza. Mtu akipima kingamwili katikati ya mlipuko mkali, akaambiwa hakuna kitu, anaweza kudanganyika kwamba banda ni salama. Kipimo hicho kina faida kubwa mahali pengine: kuwatambua waliopona.

Zamani kazi hii ilihitaji hadubini na subira. Mwaka 1960 watafiti Malmquist na Hay walieleza jinsi chembe nyekundu za damu zinavyojibandika kuizunguka seli iliyoambukizwa hadi ikaonekana kama ua. Kwa miaka mingi ua hilo ndilo lililokuwa shahidi wa maabara.

Virusi vilivyofuata barabara

PCR hujibu kama ugonjwa upo. Kusoma jeni zaidi hujibu umetoka wapi, na hapa ndipo wanasayansi wetu wametufanyia kazi ambayo haijulikani vya kutosha.

Ugonjwa ulipoibuka Kyela mwaka 2010, karibu na mpaka wa Malawi, na baadaye kufika Morogoro na Dar es Salaam, timu ya Profesa Gerald Misinzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ilisoma jeni za virusi vya maeneo hayo. Vilikuwa vya aina ya pili kwa hesabu ya wanasayansi, ile iliyokwisha kujulikana katika nchi zilizo kusini mwetu. Ramani ikawa wazi: ugonjwa ulisafiri kufuata njia za biashara kutoka nyanda za juu kusini hadi pwani. Ngiri hatembei kutoka Kyela hadi Dar es Salaam. Nguruwe aliyepakiwa kwenye gari na nyama iliyofungwa kwenye gunia, ndivyo vinavyosafiri.

Mwaka 2013 Kilimanjaro nayo ikapata mlipuko. Jeni zikaonyesha aina ya kumi, ukoo tofauti na ule wa kusini. Kwa macho, nguruwe wa Moshi na wa Kyela walikufa kifo kimoja. Kwa maabara, ilikuwa mioto miwili iliyowashwa na viberiti viwili, na kila mmoja ulihitaji kuzimwa kwa kufuata chanzo chake.

> Ngiri hatembei kutoka Kyela hadi Dar es Salaam. Nguruwe aliyepakiwa kwenye gari, ndiye anayefika.

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una makao yake Temeke, Dar es Salaam, na vituo katika kanda. Hata hivyo nchi ni kubwa. Sampuli ya Kyela ikitakiwa kufika Temeke husafiri zaidi ya kilometa 900. Mashine ikichukua saa tatu, zinazobaki kuliwa ni siku: siku ya mfugaji kusitasita, siku ya afisa kutafuta mafuta ya pikipiki na vichupa, siku ya kupata barafu, siku ya sampuli kupanda basi.

Kipimo cha mlangoni

Kwa sababu hiyo upo mjadala kuhusu vipimo vya haraka. Ni vijikanda vinavyofanana na vile vya malaria zahanati: tone la damu, dakika kama 15 au 20, mistari inajitokeza. Wanaoviunga mkono wanasema kila afisa mifugo wa kata awe navyo mkobani ili mnada ufungwe siku hiyohiyo.

Watu wa maabara wanasita, na wana hoja. Vijikanda hivi humkamata vizuri nguruwe ambaye damu yake imejaa virusi, yaani yule ambaye tayari amelala. Aliyeambukizwa juzi, ambaye bado anakula, vinaweza kumpita. Huyo ndiye anayeuzwa.

Baada ya kusikiliza pande zote mbili, naona kipimo hiki kina nafasi yake ikiwa kitatumika kwa mgonjwa au mzoga peke yake. Kikisema ndiyo, banda lifungwe papo hapo na sampuli itumwe. Kikisema hapana, banda lifungwe vilevile na sampuli itumwe. Kikigeuzwa kuwa cheti cha kuruhusu kuuza, kitafanya madhara ambayo kutokuwa nacho kusingefanya.

Malaysia walipodhani wanajua

Anayeona ninakuza jambo, atazame Malaysia. Mwishoni mwa mwaka 1998 wafugaji wa nguruwe katika jimbo la Perak walianza kuugua homa ya ubongo. Eneo lile lilikuwa na ugonjwa unaojulikana, homa ya ubongo ya Kijapani, inayoenezwa na mbu. Ikachukuliwa kuwa ni hiyo. Watu wakachanjwa, mbu wakapuliziwa dawa.

Vifo viliendelea. Walioumwa walikuwa watu wazima walioshika nguruwe, mfano usiolingana na ugonjwa wa mbu. Wakati huo wafugaji walioogopa walikuwa wakiuza nguruwe wao majimbo mengine, na ugonjwa ukawafuata. Machi 1999 Dk Chua Kaw Bing wa Chuo Kikuu cha Malaya alikuwa amekitenga kirusi kipya kabisa kutoka kwa mgonjwa wa kijiji cha Sungai Nipah. Kirusi hicho leo kinaitwa Nipah.

Hadi mlipuko ulipokwisha, watu 265 walikuwa wameugua na 105 kufariki nchini humo. Nguruwe zaidi ya milioni moja waliuawa. Homa yetu haiui watu, lakini mwenendo ni uleule: jina lililotolewa kabla ya kupima, na mifugo inayosafirishwa wakati kila mtu anadhani anajua.

Mchuuzi hufika kwanza

Turudi kwa mfugaji na simu yake, kwa sababu hapo ndipo pana mzizi wa jambo.

Nguruwe kwa kaya nyingi ni akiba ya ada ya shule, ya bati, ya matibabu. Jike mmoja akizaa vizuri, mwaka umepona. Akimpigia afisa mifugo na jibu likawa baya, kinachofuata ni zuio la kusafirisha nguruwe na nyama yake, bucha na mabanda ya kitimoto kufungwa, na wanyama waliobaki kuuawa au kufa. Ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa kwa amri ya sheria, na zuio ni hatua sahihi. Lakini kwa mfugaji asiye na hakika ya fidia, ukweli wa maabara humwacha na banda tupu na majirani waliomkasirikia.

Akimpigia mchuuzi, anapata fedha jioni hiyohiyo, hata kama ni nusu ya bei. Mchuuzi anajua kwa nini bei ni nusu. Anachinja usiku, nyama inaingia mjini. Mlaji hadhuriki. Mabaki ya sahani na maji ya kuoshea nyama yanakusanywa kwenye ndoo ya makombo, na makombo yanapelekwa kwa mfugaji mwingine wa pembezoni mwa mji anayewalishia nguruwe wake. Virusi hivi hustahimili mno: katika nyama iliyogandishwa vinaweza kudumu miaka.

Wenye mabanda ya kitimoto nao wana lao. Biashara yao hufa siku zuio linapotangazwa, hata kama nyama yao ilitoka wilaya isiyo na ugonjwa. Wanachodai ni jibu la mapema, ili lifungwe eneo linalostahili kufungwa badala ya mkoa mzima. Dai hilo ni la haki. Zuio linapotangazwa kwa uvumi, au kuchelewa hadi ugonjwa umeenea, anayeumia ni asiyehusika.

> Mfugaji asiye na hakika ya fidia, jibu la maabara humwacha na banda tupu.

Ninavyoona mimi, tumezoea kulitazama suala hili kama upungufu wa elimu kwa wafugaji. Mfugaji anaelewa vizuri sana. Amepiga hesabu, na hesabu yake inamwambia asiseme. Semina hazitaibadilisha hesabu hiyo.

Hispania ililipa

Hispania iliingiliwa na homa hii mwaka 1960 na ilihangaika nayo miaka 35. Papasi wa aina ya huko walikuwa wamejichimbia kwenye mabanda ya zamani, na nguruwe walichungwa nje kama mbuzi. Mwaka 1985 nchi hiyo ilianza mpango mpya. Timu za madaktari wa mifugo zilipewa magari zikazunguka mabandani. Damu ilipimwa kwa wingi, kingamwili ikatumika kuwasaka waliopona wakiwa bado wanaweza kubeba ugonjwa. Mabanda yakaboreshwa. Aliyekutwa na ugonjwa, nguruwe wake waliuawa na alilipwa.

Mwaka 1995 Hispania ilikuwa imeutokomeza. Haikuwa na chanjo.

Chanjo sasa zipo, lakini haziwezi kubeba tumaini letu lote. Vietnam iliidhinisha ya kwanza mwaka 2022, na nyingine ikafuata. Zimetengenezwa kwa virusi hai vilivyopunguzwa makali, kwa ajili ya aina ya pili. Afrika Mashariki ina aina kadhaa, ya tisa na ya kumi zikiwamo. Anayetaka kuchanja lazima kwanza ajue ana aina gani, na hilo hurudi kwenye damu na maabara.

Kabla ya bajeti ijayo

Kwa mfugaji anayesoma haya: nguruwe wawili wakilala bila sababu, funga mlango wa banda, usiuze, usichinje, usiazime dume wala sindano. Zuia hata jirani anayekuja kukupa pole asiingie na viatu vyake. Piga simu kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Makombo ya nyama ya nguruwe usiwalishe kabisa, na makombo mengine yachemshwe saa nzima huku yakikorogwa.

Kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi: wekeni wazi, kwa maandishi yanayobandikwa kila ofisi ya kata, ni kipi anachopata mfugaji anayetoa taarifa mapema, na kilipwe kabla mizoga haijatimiza mwezi tangu ifukiwe.

Na kwa madiwani wa halmashauri zenye wafugaji wa nguruwe, kuanzia Mbozi hadi Mbinga na Moshi: bajeti itakapoletwa mezani, ulizeni kama ina fungu la vichupa vya zambarau, visanduku vya barafu, mafuta ya pikipiki ya afisa mifugo na nauli ya sampuli kwenda maabara. Kama halimo, msiipitishe hadi liingizwe.